Fundi Mabula kati ya BMW na Benzi

Mabula Makoye alikuwa na gereji Ngokolo, mjini Shinyanga, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, na kibanda cha vifaa chenye kufuli mbili. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana ya jineri, katikati ya mashine za kuchambua pamba ambazo msimu ukianza zilinguruma usiku na mchana bila kupumzika. Jineri ilipopunguza watu mwaka 1991, aliondoka na sanduku lake la spana, umri wake miaka arobaini na moja, akaanza kujitegemea.

Watu walimjua kwa sikio lake. Gari likiletwa hakuuliza maswali mengi. Alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha yake kwenye injini inayonguruma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Baada ya dakika moja au mbili alisema, "Ni valvu ya tatu," au "Beringi ya pampu ya maji, haimalizi mwezi." Mara nyingi alipatia. Madereva wa malori walitoka Maswa na Kahama kumletea injini zao azisikilize, na wapo waliodai kwamba Mabula hutambua gari la mtu likiwa bado Tinde, zaidi ya kilomita ishirini kutoka mjini. Yeye hakuwakubalia wala hakuwakatalia.

BMW ilifika mwaka 1994. Mwenyewe alikuwa Girish, mfanyabiashara wa pamba na vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alifungua duka Shinyanga kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Girish alikuwa amekwenda Leicester kwenye harusi ya dada yake Priya, akaliona gari hilo kwa rafiki wa shemeji, na hakulala vizuri mpaka alipolipata. Lilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, likapandishwa kwenye behewa la wazi, likateremshwa stesheni ya Shinyanga mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Wengi walirudi nyumbani wamevunjika moyo. Walikuwa wametangaziwa gari la mashindano, na walichokiona ni gari la bluu iliyokoza lenye milango minne, la kumpeleka mtu ofisini.

"Mbona ni la kawaida?" mtu mmoja alimwuliza Mabula.

Mabula alikuwa ameshafungua boneti. Ndani aliona silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kila moja ilikuwa na mlango wake wa kuingizia hewa, mirija sita imelala sambamba kama vidole vya mtu mwenye kidole cha ziada. Ilikuwa M5, injini ya lita tatu na nusu, nguvu za farasi mia tatu na kumi na tano. Aliinama pale nusu saa nzima. Girish alimtazama, akaelewa kwamba gari lake limepata mtu.

Gari lilikuja na kitabu cha matengenezo, kinene kama misale ya kanisani, chote kwa Kiingereza. Kiingereza cha Mabula kilikuwa cha majina ya vyuma tu. Mkewe Philomena alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hivyo Jumapili alasiri waliketi barazani, yeye akisoma na kumfasiria. Jumapili moja jua lilimsumbua, akahamisha kigoda chake akaketi kuliani kwa mumewe. Alisoma ukurasa mzima juu ya uwazi wa valvu, namna ya kuupima na vipande vya chuma vya kuupunguzia. Alipomaliza aliuliza kama ameeleweka. Mabula alikuwa anatazama kuku.

"Baba Abel, nimekuuliza."

"Aa. Umeshaanza kusoma?"

Philomena alikifunga kitabu. Alisubiri kidogo, kisha akalitaja jina la mumewe kwa sauti ya chini, mara mbili, akiwa palepale kuliani. Mabula aliendelea kutazama kuku. Mkewe akainuka, akaja kusimama mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hilo sikio."

Mabula alijipangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu. Alisema lilianza msimu wake wa mwisho pale jineri. Kwanza lilipiga mluzi kama birika, kisha mluzi ukaisha, na vingine vyote vikaisha pamoja nao. La kushoto lilikuwa zima, na kazi alikuwa anaifanya na hilo.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Hata Abel?"

"Abel naye ni mtu."

Abel alikuwa mtoto wao wa kwanza, anafundisha Ushirombo. Philomena hakumwambia. Alirudisha kigoda kushoto, akaanza ukurasa upya.

Miaka miwili ilipita. Mabula aliifahamu BMW ile kama mtu anavyofahamu njia ya kwenda kisimani. Petroli ya hapa haikuifaa, ilikuwa dhaifu kwa injini kali kiasi kile, naye akauchelewesha kidogo moto wa plagi mpaka injini ikakubali kunywa kilichopo. Vipande vya kupunguzia uwazi wa valvu havikupatikana popote, akawa anavisugua mwenyewe juu ya kioo kwa unga wa msasa. Wiki moja baada ya kila matengenezo Girish alipita gerejini, akikanyaga mafuta mara moja pale getini ili Mabula asikie. Mabula alimpungia mkono.

Mwaka 1996 ikaja Benzi.

Iliingia gerejini asubuhi moja ya Septemba, rangi ya kijivu karibu na nyeusi, usukani upande wa kushoto. Akateremka kijana wa miaka thelathini na sita, mpana wa mabega, amevaa viatu vya buti na saa nzito.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mhola?" Mabula alimjulia hali kwa Kisukuma.

"Mhola duhu. Mimi Januari Mageni. Nimeambiwa wewe ndiye daktari wa hawa Wajerumani."

Mageni alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa huko Geita. Alianza kwa kushuka duarani, kwenye shimo la wachimbaji, na taa ya kichwani, akaja kumiliki karasha, mashine ya kuvunja mawe, kisha akahamia kwenye mizani. Benzi alikuwa ameinunua Bujumbura kwa mfanyabiashara wa kahawa ambaye hali ya nchi yake ilimlazimu kuuza vitu haraka. Hakuthubutu kuifikisha Geita. Kule barabara zilikuwa za vumbi na mashimo, naye alitumia pikapu. Benzi ilikaa Ngokolo, nyumbani kwa mkewe Apolonia, na Mageni aliiendesha anapokuja mjini.

Kwa mbali ilifanana na Benzi zilizokuwa teksi katika miji mikubwa. Aliyekaribia ndiye aliyeona kwamba madigadi yamevimba kidogo na kwamba gari limeinama karibu na ardhi. Ilikuwa 500E. Mageni alipenda kusimulia kwamba bodi lake liliunganishwa kwenye kiwanda cha Porsche. Siti za nyuma zilikuwa mbili tu, kila mtu na yake. Betri ilikaa kwenye buti kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi. Injini ya silinda nane, lita tano, ilikuwa imejazwa mle ndani kiasi kwamba mkono wa Mabula haukupita bila kuchubuka. Gia zilijibadilisha zenyewe. Kwa mahesabu ya vitabu iliizidi BMW kwa nguvu za farasi kumi na moja. Magari yote mawili yalikuwa yamefungwa kiwandani yasizidi kilomita mia mbili na hamsini kwa saa, na habari hiyo iliwachekesha watu wa Shinyanga kuliko kitu kingine chochote.

Mji ukagawanyika. Kwenye baraza la duka la Girish walikaa watu wa BMW, ambao hoja yao ilikuwa kwamba gari linalobadilisha gia lenyewe limemnyang'anya dereva kazi. Kwenye kijiwe cha kahawa cha jirani walikaa watu wa Benzi, ambao kwao hoja haikuhitajika, Benzi ni Benzi. Hakuna kati yao aliyewahi kuendesha lolote kati ya hayo mawili. Aliyewahi kuendesha yote mawili alikuwa mmoja, na kila alipoulizwa Mabula alisema ana kazi.

Mwishowe wenye magari wenyewe wakakutana. Girish na Mageni walikubaliana kwamba Jumapili ya pili ya Julai 1997 magari yatapelekwa njia panda ya Tinde, kwenye kipande cha lami kinachoelekea Isaka, na Mabula atayaendesha yote mawili, moja baada ya lingine, kilomita kumi na mbili hadi kwenye kalvati iliyopakwa chokaa. Kwa kuwa kila mmoja alihofia mwenzake ataiba sekunde, Girish atashika saa ndani ya Benzi, na Mageni ndani ya BMW. Baada ya hapo Mabula atasema mbele ya watu gari lipi ni bora. Mabula alikubali. Alimwambia Philomena amekubali ili wamwache apumzike. Ukweli ni kwamba alitamani kuiendesha BMW mwendo ule mara moja katika maisha yake.

Jumamosi aliyakagua. Alitazama matairi, breki, plagi na kiasi cha oili. Mwisho akachukua bisibisi yake, akayasikiliza, na yote mawili yakamridhisha. Katika shimo la kuingilia chini ya magari kulikuwa na lori, hakutaka kulitoa. Alimwambia Girish gari ni zima.

Kesho yake asubuhi, baada ya misa ya kwanza, njia panda ilikuwa imejaa. Mwalimu Gregory wa michezo alileta saa ya kupimia mbio kutoka shuleni. Malori ya pamba yalikuwa machache kwa sababu ya Jumapili, na vijana wenye baiskeli walipelekwa mbele kuwaonya wachungaji.

Benzi ilitangulia. Mabula aliketi kushoto, na kwa kuwa kutoka pale hakuweza kuona kinachokuja mbele ya lori alilotaka kulipita, Girish ndiye aliyekuwa macho yake.

"Nenda," Girish alisema. "Nenda, nenda. Hapana, subiri. Haya."

Gari halikuruka wala halikupiga kelele. Mabula alikanyaga, ukatokea utulivu mfupi, kisha kitu kizito kikamsukuma mgongoni kwa upole na hakikuacha kusukuma. Mia na arobaini, mia na sabini, mia na tisini. Mashamba ya mpunga yaliyovunwa na nyua za minyaa zilipita pembeni kana kwamba zinavutwa na mtu mwingine. Pale lami ilipobonyea gari liliinama likainuka mara moja tu. Usukani ulikuwa mwepesi, haukumwambia chochote juu ya barabara. Walipopita kalvati Girish alibonyeza saa, akakaa na mikono juu ya magoti.

"Haisemi kitu," Girish alisema.

"Haisemi."

"Nimekaa kama niko nyumbani kwangu."

Dakika nne na sekunde thelathini na nane. Walirudi njia panda taratibu, Girish akipapasa ngozi ya siti bila kujua kwamba anaipapasa.

Ikafuata BMW. Mageni aliingia akafunga mkanda, akacheka kwa kuona jinsi siti ilivyomkumbatia mbavu. Mabula aliweka gia ya kwanza. Tangu hapo kila kitu kilikuwa kazi ya mikono na miguu yake mwenyewe, klachi, gia, mafuta, na gari lilimjibu kwa kila alichokifanya. Usukani ulimletea kila kokoto. Mshale wa injini ulipopita elfu nne, sauti ilibadilika ikawa kilio kirefu cha chuma, nayo ilimfikia zaidi kwenye mfupa wa kifua na kwenye kirungu cha gia kuliko masikioni. Mageni alipiga kelele za furaha kama mtu aliyeona mwamba wenye dhahabu. Gia ya tatu, ya nne. Mabula alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameizoea, na kwa sababu hiyo hakuona kwamba Mageni ameacha kucheka.

"Fundi, hiyo sauti ni ya kawaida?"

"Sauti gani?"

"Kama mtu anagonga dirisha kwa ukucha."

"Kokoto hizo."

Wakaenda kilomita nyingine.

"Fundi, hizo si kokoto. Nimelala pembeni ya karasha miaka sita. Kuna chuma kinagonga chuma."

Mabula aligeuza sikio la kushoto. Alisikia upepo, matairi, na kile kilio. Hakusikia kingine. Zilibaki kilomita tatu. Alichofanya ndicho alichokuja kukijutia baadaye kuliko vingine vyote, maana hakupunguza, aliongeza mafuta. Alijiambia kwamba kama yeye hasikii kitu, basi hakuna kitu.

Ndipo kiganja chake kikapata mtetemeko mdogo kwenye kirungu cha gia, mtetemeko ambao Jumamosi haukuwapo.

"Zima!" Mageni alipiga ukelele, na safari hii hakusema fundi. "Zima, Mabula, zima!"

Alikanyaga klachi, akazima. Gari liliteleza peke yake mita nyingi, likatoka kwenye lami, likasimama kando ya ua wa minyaa. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia ndani.

Mabula alifungua boneti akasimama mbele yake. Mageni alikuja akasimama kushoto, kisha akazunguka upande wa kulia, akasema neno. Mabula hakugeuka. Mageni akarudi kushoto.

"Ulikuwa husikii," alisema.

Mabula alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama.

"Fundi. Sikio lipi?"

"La kulia limekufa zamani. La kushoto nilidhani bado."

"Girish anajua?"

"Hajui."

Mageni alitazama barabara kuelekea njia panda. Alisema hakuna aliyekuwamo ndani ya gari isipokuwa wao wawili. Sauti ingeweza kuwa imetokea ghafla, mwishoni kabisa, hakuna fundi duniani ambaye angeiwahi. Yeye mwenyewe angesema hivyo, na kwa kuwa ni mwenye Benzi, watu wangemwamini.

"Hapana," Mabula alisema. "Asante, ngosha, ndugu yangu. Hapana."

Girish alipofika, ameendesha Benzi mwenyewe na Mwalimu Gregory pembeni, Mabula hakumsubiri aulize. Alimwambia kwamba injini imegonga kwa kilomita zaidi ya mbili, kwamba Mageni alisikia na yeye hakusikia, na kwamba hakusikia kwa sababu ana tatizo la masikio la miaka sita. Alisema jana aliposema gari ni zima, hakuwa na haki ya kusema hivyo.

Girish alilizunguka gari lake. Aliweka kiganja juu ya paa.

"Kwa hiyo gari yangu ilikuwa mikononi mwa kiziwi."

"Ndiyo, tajiri."

Hakuna aliyezungumza habari za gari bora siku ile. BMW ilirudishwa Ngokolo ikivutwa na lori.

Jumatatu Mabula aliingia chini yake. Sampu, bakuli la oili la chini ya injini, ilikuwa imebonyezwa na jiwe mpaka sakafu yake ikakaribia kuziba mdomo wa kunyonyea oili. Mwendo wa kawaida oili ilitosha, mwendo mkali injini ilikaukiwa. Sanket, mtoto wa kaka yake Girish, ndiye aliyeligonga jiwe hilo akiendesha BMW wiki moja kabla, kwenye njia ya Mwadui, akanyamaza. Alikiri mwenyewe Jumanne, macho chini. Mabula alisema jiwe ni la Sanket, lakini kutoingia shimoni ni kosa lake yeye fundi, maana alitegemea kusikia.

Habari haikuhitaji wiki kuenea. Walioitwa watu wa BMW walimwita fundi kiziwi, na baadhi ya madereva wa mbali hawakuonekana tena. Philomena alimpeleka Mwanza, hospitali kubwa. Daktari alimfungia ndani ya chumba kidogo, akamvisha vidude masikioni, kisha akamweleza kwamba mishipa ya kusikia imechakaa kwa makelele na hairudi. Sikio la kushoto lilikuwa limeshaanza kupoteza sauti nyembamba, zile za chuma kidogo kinachogusa chuma kidogo. Hapakuwa na dawa wala upasuaji. Walipopita Misungwi njiani kurudi, Mabula alimgeukia mkewe.

"Sauti nyembamba ndizo zilizokuwa kazi yangu," alisema.

"Najua," Philomena alisema.

Aliendelea kufungua gereji. Gari likija sasa alimwuliza dereva: inalia wapi, inalia ikiwa moto au baridi, inalia kama nini? Mwanzoni madereva walimwangalia kwa mashaka. Baadaye wakagundua kwamba wanasikia mengi kuliko walivyodhani, hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza. Waliobaki walikuwa wachache, lakini walibaki.

Girish aliamua injini ifunguliwe ipelekwe Nairobi. Ilipofika Novemba mvua za El Nino zikaanza, madaraja yakaenda na maji, reli ikakatika, na BMW ikabaki kwenye kona ya gereji imefunikwa turubai. Watu wa Girish hawakuja kuitazama.

Aliyekuja alikuwa Champaben, mama yake Girish. Alikuwa Leicester kwa miezi minane kwa sababu ya uzazi wa Priya, akarejea mwishoni mwa Januari. Alifika gerejini kwenye pikapu ya duka, mama mfupi wa miaka sabini, ameshika mfuko wa kitambaa. Akiwa bado kijana pale jineri Mabula alikuwa akitengeneza malori ya mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mabula. Girish anasema injini iende Nairobi. Njia ya Nairobi iko wapi?"

"Imekatika, mama."

"Na mikono yako imekatika?"

"Hapana, mama."

Alifungua mfuko. Ndani ya sari mbili kuukuu zilizokunjwa kulikuwa na beringi mpya za krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na za konrodi, gasketi, na sampu nzima aliyoibeba kwapani tangu Uingereza kama mtoto.

"Sanket alikaa na siri wiki nzima," Champaben alisema. "Wewe pale barabarani hukuificha hata dakika."

"Mama, mimi nilikaa nayo miaka sita."

Champaben alicheka mpaka akashika mlango wa pikapu. "Basi tengeneza," alisema.

Alitengeneza kwa muda wa wiki tano. Aliazima maikromita kutoka karakana ya jineri, akapima shingo za krankshafti moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimekwaruzwa, lakini kidogo. Injini ilikuwa imezimwa kwa wakati, na ingechelewa dakika moja tu isingefaa hata kuuzwa chuma chakavu. Alizisugua kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliopakwa unga laini, akipitisha ukucha, akisugua, akipitisha ukucha tena. Philomena alikuja jioni baada ya shule, akaketi kushoto, akamsomea vipimo vya kukazia kila nati. Sehemu ambazo zamani angesema zitajulikana injini ikiwaka, safari hii alizipima mara tatu.

Siku ya kuiwasha, katikati ya Machi 1998, alimwomba Mageni aje. Girish naye alikuja, akasimama mbali kidogo na mikono mifukoni. Mabula alipiga stata, akaacha injini ipate joto, kisha akamkabidhi Mageni ile bisibisi ndefu.

"Sikiliza wewe."

Mageni alikunja suruali, akainama. Aligusa hapa, akagusa pale, amefumba macho kwa namna aliyowahi kumwona Mabula akifumba. Girish alikuwa amesogea bila kujua.

"Hamna kitu," Mageni alisema. "Iko safi. Sita zote."

Girish aliingia, akaenda nayo hadi njia ya Kolandoto, akarudi. Alimshika Mabula mkono, akaushika muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Halafu akamwambia kwamba anadaiwa jibu tangu Julai.

Mabula alifikiri. Alisema hawezi kusema lipi bora, lakini anaweza kusema alichokiona. Benzi humbebea dereva mzigo. Barabara ikiwa mbaya inaificha, dereva akikosea inamsitiri, na mtu akitaka kufika Mwanza bila kuchoka hatapata kama hiyo. BMW haifichi kitu. Kila inachokipata inamwambia aliye nyuma ya usukani, na inataka mtu wa kusikiliza muda wote.

"Na wewe ungechukua ipi?" Mageni aliuliza.

"Moyo unataka BMW. Lakini iliniambia na sikusikia. Mimi ni mtu wa Benzi."

Girish alikohoa. Alisema, akitazama chini, kwamba tangu siku ile ya Tinde amekuwa akiiota siti ya Benzi. Mgongo wake una matatizo, na kila Ijumaa lazima aende Mwanza. Mageni alisema yeye, kwa bahati mbaya, anaota ule mlio. Walitazamana. Hawakuchukua hata nusu saa. Walibadilishana funguo palepale juu ya meza ya spana, gari kwa gari, kadi zikafuata wiki iliyofuata. Kwenye baraza na kwenye kijiwe cha kahawa watu walishinda mwezi mzima hawajui wakae upande gani.

Girish aliitumia Benzi miaka yake yote iliyobaki Shinyanga, na wapanda baiskeli wa njia ya Mwanza walizoea kuiona ikipita Ijumaa, kimya, mzee ameketi upande usiotarajiwa. Mageni aliiendesha BMW mpaka mwaka 1999. Makampuni makubwa yalipoingia Geita na kuweka uzio, biashara yake ya mizani ilipungua, akaiuza kwa daktari mmoja wa Mwanza, akarudia pikapu na kilimo cha mpunga. Siku ya kuikabidhi aliipitisha kwanza gerejini.

Mabula aliacha kazi ya kusikiliza injini. Alihamia kwenye magiaboksi na difu, ambako ubovu hupatikana kwa vidole na kipimo, na baada ya muda mfupi malori ya Kahama yakaanza kurudi, gia zikiwa zimebebwa kwenye magunia. Mwisho wa mwaka 1998 Abel alikuja likizo kutoka Ushirombo. Mama yake alikuwa ameshamwambia habari za sikio kwa barua. Alimkuta baba yake mezani, amezungukwa na meno ya gia yaliyooshwa kwa petroli, akavuta kigoda upande wa kushoto, akamsalimia.